Kinofu cha Paja la Kanematsu

Kwa miaka hamsini na miwili Kanematsu alikuwa mpagazi wa mlimani. Mchele, bia, mitungi ya gesi, vyote alivipandisha mgongoni kwa fremu ya mbao hadi nyumba ya wageni ya Shigeno. Sasa Shigeno alitaka mizigo ipandishwe kwa helikopta.

"Mzee, una miaka sabini na minne. Ukidondoka huko njiani nitaitwa muuaji."

"Marehemu baba yako hakuwa na maneno mengi hivi."

"Baba hakuwa na bima ya kulipia."

Wakakubaliana. Chuo kikuu kilikuwa kinatafuta wazee wa kupimwa misuli. Majibu yakiwa mazuri, Kanematsu atabaki na fremu yake mwaka mmoja zaidi. Vinginevyo, jikoni.

Daktari Uchiyama wa chuo hicho, binti mpole, alimchoma sindano ya ganzi pajani, akanyofoa kinofu kidogo kama punje ya mchele. Alieleza kwamba kila seli ya msuli ina jeni, yaani maagizo. Uzeeni, yale ya kutengeneza nguvu husomwa kwa nadra, na mengine husomwa ovyo.

"Tutaona yako yanasomwaje, babu."

Wiki sita baadaye alipiga simu.

"Babu, nilikuomba upumzike siku tatu kabla ya kipimo. Ulipumzika?"

"Nilipumzika. Nilibeba mzigo wa kwanza tu."

"Mzigo gani tena?"

"Wa kufungua mlima, msimu wa wapandaji unapoanza. Huubeba mkubwa wa wapagazi. Kilo sabini."

"Lini?"

"Jana yake."

"Basi kinofu hakifai. Kazi nzito nayo hubadilisha usomaji wa jeni. Siwezi kujua badiliko lipi ni la uzee, lipi la mzigo."

"Nije tena?"

"Nafasi zimejaa, babu. Samahani."

Zamani wapagazi walikuwa kumi na wanane. Sasa mkubwa wao alikuwa yeye, na mdogo wao yeye. Nani mwingine angeubeba?

"Kwa hiyo hakuna majibu?" Shigeno aliuliza.

"Hakuna."

"Jikoni basi, mzee. Usininunie."

Kanematsu hakununa. Alivaa aproni, akamenya figili. Saa nne helikopta ilishusha mchele wa mwezi mzima kwa dakika sita. Alitoka kuufungua. Kamba zilikuwa na mafundo asiyoyajua, akazikata kwa kisu cha figili.