Mtoto Aliyemharibia Shangazi Jina

Shangazi yangu Asimina alikuwa mwanamke wa kuogopwa kwa usafi. Alifagia hata njia ya kwenda kwenye banda la nyumbu wa kubebea mizigo. Kijijini kwetu, milimani juu ya Naousa, kaskazini mwa Ugiriki, yeye ndiye aliyefua vitambaa vya madhabahu, maana padri hakumwamini mwingine. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na alikwisha kuchumbiwa na Stergios, mgane mwenye kinu cha kusagia ngano.

Kabla ya vita alifanya kazi za ndani Thesaloniki miaka tisa, kwa Alberto Beraha, Myahudi muuza vitambaa, na mkewe Joya. Wajerumani walipoingia na njaa ikaubana mji, akarudi kwetu. Lakini wale watu hawakumtoka moyoni. Machi ya mwaka 1943 alijaza kapu dengu na maharage, akapanda treni kwenda kumjulia hali Joya.

Alimkuta na nyota ya njano kifuani, ile waliyolazimishwa Wayahudi wote kuivaa. Alberto alikuwa amefia kwenye kazi za kulazimishwa. Mtaa wao ulikuwa unazungushiwa ua wa mbao, upande mmoja bado wazi, na watu walinong'ona habari za treni za kuwapeleka Wayahudi Polandi. Joya hata kapu hakulipokea.

"Asimina, mchukue Reina."

"Njoo nawe basi, bibi."

"Mama mkwe wangu hawezi kufika hata mlangoni. Nimwachie nani? Tena mimi nikifungua mdomo tu, Kigiriki changu kinanitaja." Nyumbani kwao walisema Kihispania cha mababu zao. "Huyu ana miaka minne, atajifunza chenu. Na akikuita mama, usimkataze."

Asimina aliondoka na mtoto amemshika mkono, kama watu waendao sokoni. Joya hakutoka barazani kuwaaga, asije akalia mbele za watu.

Kwenye treni askari wa Kigiriki alipita akikagua. "Mtoto wa nani huyu?"

Shangazi hakuwa hodari wa uongo. Kabla hajapata la kusema, Reina, kwa hofu, akaficha uso kifuani pake na kusema, "Mama." Neno hilo ni moja, kwao na kwetu.

Askari akautazama mkono usio na pete. "Ahaa! Na baba yake?"

"Kamuulize Mungu, afande. Mimi hakuniaga."

Behewa zima likaangua kicheko. Askari naye akacheka, akapita zake. Hapo ndipo Asimina alipofahamu kwamba watu huchunguza kila kitu, ila mwanamke akikiri aibu yake mwenyewe, humwamini papo hapo. Alipofika kijijini alisema vilevile: "Ni wangu. Nilimzaa mjini, nikamficha. Anaitwa Rini."

Stergios alikuja siku ya tatu, kofia mkononi. "Niambie si kweli."

"Unamwona kwa macho yako."

Akaenda zake, na uchumba ukaishia hapo. Padri akamnyang'anya vitambaa vya madhabahu. Babu Kosmas, baba yake Asimina, akahamishia sahani yake jikoni, akawa anakula peke yake ameupa ukuta uso. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilikatazwa kucheza na Rini. Nilicheza naye hivyo hivyo, nyuma ya banda. Mwanzoni alikuwa hasemi. Kufikia mavuno ya chestnati, kokwa za miti ya milimani kwetu, alikuwa akitukana kama sisi.

Aliyemzidi kila mtu kwa ulimi alikuwa Polikseni, mwoka mikate. Kila Asimina alipofika kwenye chemchemi, alipokelewa na sauti yake.

"Pisheni, pisheni! Mtakatifu wetu amekuja kuteka! Angalieni ndoo zenu, naye hujaza bila watu kujua!"

Wanawake walicheka. Shangazi aliteka maji akaondoka. Siku moja tu nilimkuta ameketi juu ya ndoo nyuma ya ukuta, analia bila sauti, na Rini anampangusa kwa pindo la gauni lake.

Aprili ya mwaka uliofuata, Wajerumani walipanda kijijini kuwasaka wapiganaji wa msituni. Mchana mweupe walitukusanya wote uani kwa kanisa. Walikuwa na mkalimani, Mgiriki wa mjini mwenye koti zuri. Akapita mstari kwa mstari, akasimama mbele ya Rini.

"Huyu hafanani na watu wa huku. Mama yake nani?"

"Mimi," alisema shangazi.

"Alizaliwa lini?"

"Vuli ya mwaka thelathini na nane."

"Hati iko wapi?"

Shangazi akamvuta Rini karibu naye. Mkalimani akamgeukia ofisa wa Kijerumani, akaanza kumweleza jambo. Mara Polikseni akapenya katikati ya watu, mikono bado ina unga.

"Hati! Tangu lini mwanaharamu akawa na hati? Vuli ile alikuja kumzika mama yake, tumbo limemfika kidevuni! Mimi mwenyewe nilimfunga kitambaa kiunoni asitutie aibu mbele ya maiti. Waulize hawa! Semeni, si mlikuwapo?"

Wanawake wote wa kijiji walikuwapo kwenye mazishi yale. Hakuna hata mmoja aliyeona tumbo, kwa sababu tumbo halikuwapo. Bibi mmoja akajibu, "Tulikuwapo." Wa pili akaitikia kwa kichwa. Wa tatu akatema mate chini kwa dharau, akamwangalia Asimina kama takataka. Sijapata kuona dharau tamu kama ile. Mkalimani akaona haya, akasogea mstari mwingine.

Walipoondoka, shangazi alimfuata Polikseni hadi kwenye tanuri.

"Umejua tangu lini?"

"Mwanzoni nilikutukana kwa kutukana, nisikufiche. Roho yangu mbaya. Baadaye nikakaa nikahesabu miezi: vuli ya mazishi tumbo hukuwa nalo. Nikasema, loh, huyu mjinga hesabu itamuua! Nikaona bora niendelee kukutukana kwa nguvu zaidi. Mtu asije akaanza kufikiri."

"Ungeniambia."

"Ungeacha kulia, nao wangeshtuka. Chukua mkate, mtoto ana njaa."

Siku hiyo Babu Kosmas alirudisha sahani yake mezani. Alimpakata Rini, akamkatia kipande kikubwa cha mkate, kile cha pembeni chenye gamba, ambacho siku zote alikula yeye.

Vita vilipokwisha, Joya na mama mkwe wake hawakurudi. Aliyekuja ni Sabetay, kaka mdogo wa Joya, ambaye alipigana msituni. Alikaa kwetu wiki tatu, akichonga wanasesere wa mbao, akimngoja mtoto amzoee. Stergios naye alikuja, na gunia la unga begani.

"Asimina, mimi nilidhani..."

"Basi endelea kudhani, Stergios. Unga uache, tutaupika."

Sabetay hakutaka kumtenganisha shangazi na mtoto. "Dada," alimwambia shangazi, "mimi kusuka nywele za mtoto sijui. Twende wote." Wakateremka na nyumbu wawili.

Mjini walifungua duka dogo la kushona. Jumamosi duka lilifungwa kwa ajili ya Sabetay na Reina, Jumapili kwa ajili ya shangazi, na wateja wakazoea. Reina akaanza shule, akawa mkali wa hesabu. Na kila vuli Polikseni aliteremka na kapu la chestnati, akapanda ngazi za ghorofa tatu hadi kwao akilalamika, akala na kulala siku nne, akamfundisha mtoto matusi mapya.