Baridi Ile Nilipohamia kwa Imamu Maliki kwa Ajili ya Mbwa

Enzi zetu mtoto hakuwa na madhehebu, alikuwa na baba. Baba akifunga mikono kwenye swala, na wewe unafunga. Baba akisoma dua ya kunuti alfajiri, na wewe unaitikia amina huku meno yanagongana kwa baridi. Rika langu mnanielewa. Nyie mliozaliwa na simu mkononi subirini nje kwanza, tutawaita.

Mimi nimekulia Mlandege, Iringa mjini, na nasema bila kuona haya kwamba shule niliishia la saba, tena hilo la saba lenyewe tulilimaliza kwa kusukumana. Leo nakaa Mbeya, nina Fuso zangu zinazobeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, nina ghorofa ambalo watu wakilipita wanapunguza mwendo, na mhasibu mwenye digrii ananiita bosi. Sasa mkinikuta nazungumza mambo ya Imamu Shafii na Imamu Maliki, msishangae muuza vitunguu ameyatoa wapi. Wenzangu waliyasoma kwenye vitabu. Mimi niliyapata kwa maji ya baridi, mwezi wa saba, kwenye nywele.

Nakumbuka Mlandege ile. Asubuhi ukitoka nje pumzi inatoka mdomoni kama moshi wa lori linalopanda mlima Kitonga, na sisi watoto tunashindana nani ana moshi mrefu. Nilikuwa nashinda, kama kawaida. Mpira tuliusuka wenyewe kwa matambara na kamba za katani. Rimu za baiskeli tuliziendesha kwa kijiti mtaa mzima. Mapichi tuliyala yangali ya kijani, kwa chumvi, tukaumwa matumbo, kesho yake tukarudi palepale. Jioni ilikuwa madrasa kwa Maalim Zuberi, mtu wa Kilwa aliyeletwa Iringa na ndoa. Baridi ya kwetu hakuizoea maisha yake yote: kanzu juu, sweta mbili ndani, blanketi begani. Tulisema ukitaka kumwona Maalim mwenyewe inabidi ummenye kama kitunguu.

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa Mshafii kama vile alivyokuwa na masikio makubwa: alizaliwa hivyo, hakukaa kufikiria. Ukimuuliza Imamu Shafii ni nani, anafuta grisi mikononi, anasema, "Ni mzee wetu. Lete spana." Mama alikuwa Mhehe wa milimani. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri huko kwao, mtu mkubwa wa mwili na mkubwa wa kicheko, na alikuwa akimpenda mkwe wake kwa sababu moja tu: anaweza kutengeneza chochote chenye mnyororo.

Siku moja Babu akaja na kikapu kimefunikwa khanga. Baada ya salamu zote za kamwene za Kihehe, ambazo kwa wazee wale zilichukua muda wa chai kupoa, akafunua. Mtoto wa mbwa, mwekundu, masikio yameanguka.

"Huyu wa mjukuu wangu," Babu akasema. "Mama yake ndiye analinda mahindi yangu. Nguruwe pori wakimsikia tu wanaomba msamaha."

Na nyie mnaoanza kuchekacheka mkisikia Mhehe na mbwa, ishieni hapo hapo. Alikuwa wa kulinda, si wa kuliwa.

Baba akamtazama mbwa, akamtazama mkwewe. Zawadi ya baba mkwe hairudishwi, hata angeleta chui. "Ahsante sana, baba," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

Nikampa jina Breki, kwa sababu hakuwa nazo. Akikimbia, kinachomsimamisha ni ukuta. Baba akaweka sheria: mbwa ni wa nje, anakaa karibu na banda la kuku, analinda. "Mbwa wa ulinzi dini inamruhusu," alisema. "Shida ni mate yake." Maana kwetu Washafii, mdomo wa mbwa ukigusa chombo, kinaoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Na maji hayakuwa ndani kama leo. Yalikuwa kwenye bomba la mtaa, na foleni ya akina mama wenye midomo.

Wiki ile ile Breki akalamba sufuria ya maharage. Mwenye mbwa ni mimi, basi muoshaji ni mimi. Nikaipaka udongo pale bombani, akina mama wakaanza.

"We mtoto, mnafinyanga vyungu siku hizi?"

"Mwacheni, labda kwao maharage wanayaunga kwa tope!"

Akalamba tena karai. Akalamba na upawa. Mpaka jioni moja Baba akaweka tonge chini na kusema neno ambalo alipolisema hata kuku walinyamaza: "Siku mbwa huyu akilamba tena chombo cha mama yako, anarudi milimani."

Usiku ule sikulala vizuri. Breki alikuwa akinisindikiza shule, akinisubiri nje ya madrasa, na nikipigwa na wakubwa kwenye mpira alikuwa akiwabwekea mpaka wanarudisha bao. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwachia aende hivi hivi.

Sasa kesho yake madrasa, Maalim Zuberi amefika kwenye mlango wa twahara, ile sura ya usafi kitabuni. Akatueleza hukumu ya mbwa kwa Imamu Shafii, halafu, kwa kuwa alikuwa mwalimu kweli na si kasuku, akaongeza, "Lakini msije mkadhani wanachuoni wote wamesema hivyo. Maimamu wakubwa ni wanne. Imamu Maliki kwake yeye mbwa ni tahiri, yaani msafi, pamoja na mate yake."

Nikasimama. "Maalim, huyo Imamu Maliki anakaa wapi?"

"Alikaa Madina, zamani sana."

"Basi mimi nahamia kwake."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mimi nikakaa zangu nimetulia, kama mtu aliyenunua kiwanja. Mnaona biashara nilianza lini?

Nikamkuta Baba anakaza spoku. Nikampa habari. Hakuinua hata kichwa.

"Umehama?"

"Ndiyo, Baba."

"Na vyombo vyako vyote?"

"Vyombo gani?"

"Mtu akihama anahama na kitanda na jiko. Hahami na mbwa peke yake." Akaweka spana chini, akanishika mkono mpaka kwa Maalim. "Maalim, huyu amehamia kwa Imamu Maliki. Mkabidhi nyumba."

Maalim alicheka mpaka blanketi likaanguka. Halafu akaliokota, akajifunga, akawa mtu mwingine. "Karibu," akaniambia. "Hakuna aibu. Imamu Shafii mwenyewe alikaa mbele ya Imamu Maliki akiwa mwanafunzi wake. Ila kwa Maliki kuna adabu zake. Kwa Shafii, kwenye udhu, ukipaka maji nywele chache tu za kichwa, imetosha. Kwa Maliki unapaka kichwa chote, mbele mpaka kisogoni na kurudi. Na viungo huviloweshi tu, unavisugua."

Mnaijua Iringa mwezi wa saba. Maji ya ndoo iliyolala nje yanakuwa na mawazo ya kuwa barafu. Alfajiri Baba ananiamsha, anatawadha zake za Kishafii, vidole viwili vinagusa nywele za mbele, amemaliza, anavaa kofia. Mimi nimesimama namimina kichwa chote, maji yanashuka shingoni, yanaingia kwenye sweta, yanatembelea mgongo kama mkaguzi. Na Baba anasubiri mlangoni, anauliza bila kucheka, "Leo umehama au umerudi?"

Naangalia banda la kuku, naona mkia unatikisika gizani. "Nimehama, Baba."

Msikitini ndiyo kabisa. Maalim aliniambia Wamaliki wengi kwenye swala huachia mikono chini, basi safu nzima imefunga mikono, mimi katikati nimeshusha kama askari wa gwaride. Mzee wa kulia akadhani nimesahau. Tulipotoa salamu akaninong'oneza, "Kijana, mikono hiyo inauma?" Mzee wa kushoto akamjibu, "Muache, ana mbwa." Mtaa mzima ulishajua.

Nikavumilia. Kwa sababu hesabu yangu ilikuwa rahisi: siku Breki atakapolamba chombo, nitasimama na imamu wangu, na hakuna wa kunigusa.

Siku yenyewe ikaja na Babu. Amevuna, ameleta gunia la mahindi, na Maalim Zuberi naye yupo, amefuata moto wa jikoni kwa kisingizio cha chai. Alasiri ikakaribia, Baba akachukua birika lake la kutawadhia, lile lililopoteza mfuniko, akaliweka chini amsaidie mkwewe kushusha gunia. Breki akasikia sauti ya Babu. Akaja mbio kutoka uani, na kama nilivyowaambia, breki hana. Kilichomsimamisha ni birika. Akatia mdomo mzima ndani, akanywa kama mtu aliyetoka Dodoma kwa miguu.

Mama akaangalia chini. Mimi nikaruka nikamkumbatia mbwa shingoni, nikapiga kelele, "Kwa Imamu Maliki hakuna najisi! Hakuna cha kuosha!"

Maalim akakohoa. "Najisi kweli hakuna. Lakini chombo..."

"Chombo kimefanya nini, Maalim?"

"Hata kwa Maliki, mbwa akinywa maji kwenye chombo, imependekezwa kioshwe mara saba. Si kwa uchafu. Ni kutii tu lililoamriwa."

"Na udongo?"

"Udongo hapana."

Jamani. Kichwa kizima, baridi yote ile, mgongo umekuwa mfereji, na nilichookoa ni udongo.

Babu alikuwa ameshaanza kucheka. "Hao wazee wenu wako wangapi?"

"Wanne," Maalim akasema.

"Na mwenye nafuu ni yupi?"

"Kwa Imamu Abu Hanifa kinaoshwa mara tatu."

"Basi mkwe wangu, hamieni kwa huyo wa mara tatu, gunia linasubiri!"

Hata Mama alicheka. Maalim naye akacheka, lakini akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, ukitoka Iringa kwenda Mbeya magari ni mengi, na yote yanafika. Lakini anayeshuka hili na kudandia lile kila akiona kilima, huyo tutamkuta Makambako amekalia begi lake."

Mimi nilikuwa sicheki. Nilikuwa nalia kwenye manyoya ya Breki. Babu akaacha kucheka. "Sasa huyu analia nini? Kwani mbwa anakwenda wapi?"

Baba akaokota birika, akamwaga maji, akaligeuza huku na huku kama anatafuta pancha. Kama kuna mtu asiyerudi nyuma kwenye neno lake, ni baba yangu. Na mbele ya mkwewe!

"Mimi nilisema chombo cha mama yako," akaniambia taratibu. "Hili birika ni langu."

Akaenda zake kwenye shina la nyanya, akachota udongo, akachuchumaa akaliosha mwenyewe mara saba, hakuniachia hata moja. Maalim akamtazama mpaka alipomaliza. "Fundi," akasema, "ungesoma ungekuwa kadhi."

Jioni ile nikamfuata. "Baba, nimerudi."

"Kwa sababu gani?"

"Baridi."

"Basi hujarudi, umekimbia. Maliza baridi ukiwa hukohuko kwa Maliki. Jua likiwaka, kama bado unataka, urudi kwa heshima."

Alfajiri nikatoka nimejikunyata tayari kwa mateso. Baba yuko nje, ameshika birika lile lile, na linatoa mvuke. Akanimiminia yeye mwenyewe kiganjani, nikapaka, akamimina tena, mpaka kisogoni na kurudi, maji ya uvuguvugu yana harufu ya moshi wa kuni. "Imamu Maliki hakukataza kuni," akasema. Halafu, kama kila siku, "Umehama au umerudi?" Akafanya hivyo mpaka baridi ilipokwisha. Nikarudi kwa Shafii mwezi wa tisa, kichwa juu, na Breki alizeekea kwetu, akalinda kuku mpaka kuku wakamzoea wakawa wanalala juu yake.

Haya, vijana ingieni sasa, tuwaone.

Mwanangu wa kwanza amemaliza chuo kikuu, mimi ndiye nimemsomesha, na vitunguu havikuona haya. Ana mbwa mdogo mweupe mwenye manyoya kama zulia, na analala juu ya zulia, hujui kipi ni kipi. Nikamuuliza. "Aa, Mzee," akasema, anasugua simu, "kwa Maliki ni tahiri." Adhuhuri akichelewa Mwanjelwa kwenye foleni, yeye ni wa Abu Hanifa, kwake alasiri huingia baadaye. Akimgusa mkewe, ni wa Abu Hanifa vile vile, udhu hautenguki. Kutawadha sasa, vidole viwili kwenye nywele za mbele, ni Mshafii safi kama babu yake.

"Na kichwa chote hupaki?" nikamuuliza. "Si una mbwa wa Maliki?"

"Kichwa? Kwa nini kichwa?"

Nikaona Makambako, nikaona na begi.

Sikumgombeza. Nitamgombeza na nini, mimi wa la saba? Maimamu wote wanne anao mfukoni, tena na chaji. Sisi tulikuwa na mmoja tu, na ukitaka wa pili unamlipia kwa mgongo. Yeye hajawahi kuulizwa swali mlangoni alfajiri.

Bafuni kwangu nina mtambo wa maji moto, umetoka nje ya nchi, kitufe kimoja tu. Mwezi wa saba wa Mbeya si mchezo, nabonyeza, yanakuja ya moto mpaka kioo kinafunga ukungu, na Mbeya nzima sidhani kama yuko anayetawadha kwa raha kama mimi. Na kila alfajiri, ndugu zangu, Mshafii mimi, napaka kichwa chote, mbele mpaka kisogoni na kurudi, halafu nasimama kidogo na maji yanatiririka, nikisubiri mtu aniulize kama nimehama au nimerudi.