Kipande Kilichobaki Kingi

Kule Pinga waliniita papa wa chupa, baba wa chupa, nami sikukataa. Kazi yangu hasa ni labo ya kituo kimoja cha afya, milimani upande wa Masisi: malaria, minyoo, makohozi, basi. Halafu wakaja watafiti kutoka mjini. Walikuwa wanatafuta watu wenye tezi zilizovimba shingoni, kwapani, kinenani, wanaotibiwa kifua kikuu kumbe wana limfoma, yaani kansa ya tezi. Daktari anakata tezi, mimi naitia kwenye chupa ndogo yenye fomoli ili isioze, naandika namba badala ya jina, kisha chupa inashuka Goma kwa pikipiki na kutoka Goma inapanda ndege kwenda nchi wanakojua kuisoma. Nilizunguka Masisi na Walikale na chupa zangu, matope hadi magotini, kichwa kimevimba kuliko tezi za wagonjwa. Nilijiona profesa.

Siku moja huko Pinga, mwindaji mmoja aliyekatwa tezi asubuhi ile alinishika mkono wa koti. "Mukimaliza kuiangalia, mutairudisha siku gani?" Nilicheka. Nilimwambia tezi yake itapanda ndege kabla yake, ashukuru. Yeye hakucheka. Aliitazama chupa ikiingia kwenye mfuko wangu, akaachia koti, akageuka ukutani. Mvua ilikuwa inakuja na mimi nilikuwa na haraka. Leo ningempigia magoti.

Mdogo wangu wa kike aliishi kijijini kwetu, Kingi, na Mama. Baba alishakufa, tumbo moja tulikuwa wawili tu. Uvimbe ulimtoka shingoni, upande wa kushoto, wakati wa kupanda maharagi. Hauumi, alisema, unawasha tu ngozi ya mwili mzima. Akaanza kukohoa, akaanza kutoka jasho mpaka shuka la kukamua, akakonda. Wakampa dawa za kifua kikuu. Na nani aliyebeba makohozi yake, akaangalia, hakuona kitu, akasema wampe dawa hata hivyo? Mimi. Miezi sita alimeza vidonge kila asubuhi na maziwa, bila kukosa hata siku moja, na tezi zikaendelea kuota.

Nilipoacha ukaidi nilimpeleka kwa daktari wetu. Alikata tezi moja, akanionyesha kwenye kisahani. Nyeupe, laini, kama jibini ya kwetu ikikatwa ingali mbichi. Nilikuwa nimeona za namna ile za kutosha. Daktari alisema tu kwamba mjini hawatampa dawa za kansa kabla karatasi ya majibu haijafika. Dawa zile zina sumu, hawampi mtu kwa kubahatisha. Kwa hiyo maisha yake yote yalikuwa ndani ya chupa ile, na chupa ilikuwa mkononi mwangu.

Nilimrudisha Kingi. Njiani nilimweleza niliyosikia kwenye mafunzo: kwamba ugonjwa ukirudi baada ya dawa, huko kwenye nchi za mbali kuna kupandikiza uboho. Wanaua uboho wa mgonjwa uliomo ndani ya mifupa, halafu wanamtia mwingine, pengine wa ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia wangu upo, wachukue hata wote.

"Uboho yako, kaka?" alisema. "Aa, sitaki. Nitaanza kuwa na kasirani sawa wewe."

Alicheka hadi kikohozi kikamkata. Tulipofika alimsimulia Mama, anidhihaki vizuri. Mama alikuwa anaosha kibuyu cha maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho, hakutabasamu.

"Hiyo iko muzuri," alisema. "Hiyo inatoka mu nyumba, inabakia mu nyumba."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu haya mawili, yakapita. Mtu wa chupa hana muda wa maneno ya mama yake.

Wiki ile barabara ya kushuka Goma ilikuwa imefungwa, risasi huku, vizuizi kule, hakuna pikipiki iliyopita. Na mimi nilikuwa nasubiriwa Pinga, wagonjwa wameshaitwa. Labo yetu ilikuwa imeibiwa mlango mwezi uliopita. Kwa hiyo nikaiacha chupa kwa Mama, kwenye kirafu anapoweka vibuyu vyake, nikamwambia asiiguse, ina sumu, ni ya kwenda kwa wazungu. Hivyo hivyo nilisema, kwa jeuri, nikiwa nimeshapanda pikipiki. Karatasi ya kukubali mdogo wangu alikuwa ametia sahihi bila kusoma, kwa sababu kaka ndiye aliyemwekea kidole mahali pa kusaini. Mama hakuna aliyemwonyesha karatasi yoyote.

Nilirudi baada ya siku sita, barabara imefunguka. Chupa ilikuwa pale pale. Niliinua, nikaona kipande kimo, namba ipo, nikaitia mfukoni, ikashuka Goma. Fomoli inafanya kila nyama kuwa na rangi ya majivu. Sikuangalia mara mbili.

Halafu tukangoja. Ee, kungoja kule! Mwezi wa kwanza mdogo wangu alikuwa bado anakwenda kisimani. Mwezi wa pili alikaa mlangoni. Mwezi wa tatu alilala akiwa ameegemea mito, maana akinyooka pumzi ilikwama, na uso ulimvimba asubuhi. Kila nikifika aliniangalia mikono kabla ya uso, kuona kama nimeshika karatasi. Nilichukia kuingia mle ndani. Nasema ukweli, kuna siku nilifika hadi kwenye ua nikageuza pikipiki.

Majibu yalikuja kwenye simu, nikiwa labo. Mistari miwili. Kipande hiki ni misuli, hakuna tezi ndani yake. Tafadhali kateni tena.

Nilipandwa na wazimu. Nilimwendea daktari mbele ya wagonjwa, nikamwita mchinjaji, nikamwambia amekata nyama ya shingo ya mdogo wangu na kumwachia ugonjwa. Yeye ni mtu mpole. Alingoja nimalize matusi.

"Tuliiona wote wawili mu kisahani," alisema. "Ilikuwa misuli ile?"

Haikuwa. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, nikajaribu kuifuata chupa ile kichwani kutoka kisahani hadi Goma, na kila nikiifuata nilifika kwenye kirafu cha vibuyu.

Mama nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Sikupiga kelele. Nilimuuliza tu: "Mama, ile kitu ya mu chupa?" Hakujaribu kuficha. Alinionyesha mgomba mmoja kwa kidevu, kama ananionyesha mahali jembe lilipo.

"Iko pale. Pamoja na kitovu yake."

Kwetu, kitovu cha mtoto kikianguka, mama anakizika kwenye mgomba wa nyumbani, na mtoto anakuwa wa udongo ule. Cha kwangu kimo pale pia, mgomba wa pili. Wazee walisema kinachotoka mwilini mwa mtu kikichukuliwa mbali, mtu mwenyewe anakifuata. Nililijua jambo hilo tangu nikiwa mdogo. Nilikuwa nimelisahau kabisa, kama ambavyo mtu anasahau njia aliyoacha kuipita.

"Ulisema inaenda kwa wazungu," alisema. "Nikawaza, mutoto iko mugonjwa vile, na wanamubeba kidogo kidogo, atabakia na nini? Lakini sikutaka upate mateso ku kazi yako. Ndiyo nikatia ingine."

"Ingine gani, Mama?"

"Ya ng'ombe. Nilikata kadogo."

Nilikaa chini, udongoni. Mama yangu alikuwa ameniokoa nisifukuzwe kazi kwa kipande cha nyama ya mchuzi. Nilitaka kumwambia jambo ambalo mtu hamwambii mama yake, na lilikuwa limeshafika mdomoni. Ndipo nikamkumbuka mwindaji wa Pinga alivyogeukia ukuta. Yeye angalau aliuliza, nami nikamcheka. Mama aliona hata kuuliza hakuna faida. Nikalimeza lile neno, na mpaka leo liko tumboni.

Niliingia ndani, nikamweleza mdogo wangu kwamba lazima akatwe tena. Sikumwambia kwa nini. Alinyoosha shingo tu, kama kondoo.

Safari hii niliipeleka chupa mwenyewe hadi Goma, siku ile ile, nimeifunga kifuani chini ya shati. Kabla ya kutoka nilimwonyesha Mama kipande, nikamweleza kila kitu, kwa nini kinakwenda, nani atakiangalia, na kwamba nitaomba kirudishwe. Alisema sawa. Alisema kama ningemweleza hivyo mara ya kwanza angekubali. Hakusema kwa kunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Mdogo wangu alikufa akiwa ameegemea mito, mchana, Mama anamchania nywele. Majibu hayakuwa yamefika. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na mgomba wake.

Karatasi ilifika matanga yalipokwisha. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Limfoma, na jina la aina yake, refu. Ile aina nilifundishwa kwenye mafunzo. Ndiyo ile inayosikia dawa kuliko nyingi, hasa kwa vijana, ikishikwa mapema. Watu wengi wanapona bila hata kufika kwenye habari za uboho. Nilikunja karatasi ile mara nne, mara tano, mpaka ikakataa kukunjika.

Mama alikuwa anachambua maharagi kwenye ungo. Alikuwa amepungua sana, na tangu mazishi hakuwa ananitazama usoni.

"Imefika?" aliuliza.

"Imefika."

"Wanasema nini?"

Maharagi yalikuwa yanaanguka ungoni, moja, moja. Maisha yangu yote nimesoma majibu ya watu kama yalivyo, na nilikuwa najivunia hilo.

"Wanasema haikukuwa na dawa, Mama."

"Hata kama ile ya kwanza ingeenda?"

"Hata ile."

"Unajua kusoma muzuri ile makaratasi?"

"Ndiyo kazi yangu, Mama."

Alishika ungo kwa mikono yote miwili.

"Basi siyo mimi," alisema.

"Hapana, Mama. Siyo wewe."

Akainua uso, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akaniuliza kama nimekula.