Karatasi Nne Zenye Sahihi ya Marehemu

Admin, nifichie jina, maana watu wa huku tunajuana.

Sasa hivi mwanangu Nasra, ana miaka mitatu, amechukua muhuri mwekundu mezani akajigonga tumboni. Ofisini kwetu boksi likishagongwa muhuri ndiyo limekubaliwa kusafiri. Akaniambia, "Mama, na mimi tayari. Nitume kwa Bibi." Nimemfuta kwa khanga huku nalia, yeye anacheka anadhani namtekenya.

Nina miaka ishirini na minne, Mtanzania, niko Guangzhou, Uchina. Shule niliishia darasa la saba, mnivumilie mwandiko. Mume wangu anasoma chuo hapa kwa ufadhili, mwakani anamaliza tunarudi nyumbani, na nyumbani hatuna pa kufikia. Huyo Bibi siyo wa damu. Ni mama aliyenipa kazi ya kufunga mizigo kwenye ofisi yake ya kago karibu na soko la Liuhua, nimwite Mama Rukia. Nasra alijifunzia kutembea kwa kushikilia maboksi yake.

Mama Rukia alikuwa na kiwanja Kibaha, chake mwenyewe. Akaniuzia. Nikawa nalipa kwa kukatwa mshahara mpaka deni likaisha. Siku ya kuandikiana alishashika kalamu, mimi ndiye niliyesema, "Mama, si ugonge muhuri tu." Maana kila kiwanda tulichokutana nacho kwenye maonesho ya biashara ya Pazhou sahihi hawaitazami, wanauliza muhuri uko wapi. Akacheka, akaweka kalamu chini. "Umeshakuwa Mchina wewe! Haya, muhuri huo. Tukifika nyumbani tutapita kwa mwenyekiti wa mtaa tuandikishane vizuri." Akagonga, hakusaini. Shahidi alikuwa Nasra, amelala mgongoni kwangu.

Hatukufika. Aliugua wiki mbili tu, akafia hospitali, mwili ukarudishwa kwa ndege. Nilimkanda miguu mpaka mwisho. Habari ya kiwanja ilikuwa hapa kooni, nikaona aibu kumpa mgonjwa kalamu.

Baada ya arobaini nikampigia Rukia, bintiye mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi. Nikaipiga picha ile karatasi, nikamtumia. Hakunitukana. Alisema, "Mdogo wangu, mimi sikukatalii, mama alikuwa anakutaja sana. Lakini kaka zangu wanasema huu ni muhuri wa kampuni, na muhuri hata Kariakoo unachongwa. Jumamosi tunakaa kikao tugawane. Kama una chochote chenye mkono wa mama, nitumie, nitakusimamia." Halafu akaniomba nifunge vitu vya marehemu nivitume nyumbani.

Ndipo kwenye faili lake nikazikuta karatasi nne tupu, chini zina sahihi yake. Alikuwa akisafiri ananiachia hizo na muhuri niandike barua za mizigo, ili mzigo wa mteja usikwame bandarini Nansha. Aliniambia, "Nakuachia jina langu, mwanangu. Uandike mizigo tu."

Mume wangu alipoziona akaketi kitandani. "Mama Nasra, jaza mkataba. Kiwanja alikuuzia, sahihi ni yake. Uongo uko wapi hapo?"

"Uko kwenye mkono wangu."

"Sasa huo mkono ndio utatujengea nyumba?"

Siyo mtu mbaya, ana hofu tu, na mimi pia ninayo. Nimeshapanga moyoni mpaka dirisha la chumba cha Nasra litazame wapi.

Ndugu zangu, nikijaza, kila neno nitakaloandika litakuwa la kweli, na bado nitakuwa nimemwibia mtu aliyeniamini. Nisipojaza, Jumamosi kiwanja kinaondoka. Mngekuwa ninyi mngeshika lipi? Yupo aliyewahi kudai kwa wafiwa akiwa na muhuri peke yake, akasikilizwa? Nijibuni haraka, dereva anakuja kuchukua maboksi leo na faili bado sijalifunga.

Mimi bado nina tumaini kwa Rukia. Moyo unanituma nizirudishe zote nne zikiwa tupu, nimpigie nimweleze kwamba nilikuwa nazo na sikuandika kitu, labda hapo ataamini na ule muhuri, kwa sababu mama yake aliponiachia jina lake ali...

Ngojeni, Nasra ananiita mlangoni, "Mama, njoo, wanamchukua Bibi!" Dereva ameshapanda ngazi, ameshika boksi lenye lile faili, na karatasi zote nne bado zimo...