Pingu ya Tela la Maji

Kijiji chetu cha ujamaa kilipimwa kwa kamba, nyumba zikakaa mstari mnyoofu kando ya barabara ya Korogwe kwenda Handeni, zikampendeza kila mgeni aliyepita na gari. Kasoro yake ilikuwa ndogo tu: hapakuwa na maji. Maji yalibaki kule kwenye mahame tulikohamishwa, kwenye chemchemi iliyo nyuma ya migomba ya mjomba wangu. Kwa hiyo tulipewa trekta na tela lenye tanki, na mimi niliyewahi kuendesha trekta za mkonge kule Mazinde nikapewa usukani. Nilijiona mkubwa kupita kiasi.

Tela lilivutwa kwa mnyororo, na mnyororo ulishikwa na pingu moja ya chuma, ile iliyopinda kama kwato, yenye pini nene inayopita kwenye masikio yake. Fundi wa Mazinde alinifundisha: kaza kwa vidole mpaka pini igome, kisha irudishe robo ya mzunguko. Ukiikaza kwa spana itaganda, na siku ya kuifungua utalia.

Mjomba alihamishwa mara mbili na mara mbili akarudi kwake. Alisema hawezi kuliacha kaburi la mama yake liote magugu. Nilimkuta huko kila nilipokwenda kuteka maji, akanishikia mpira wa maji, akanitazama nikilikagua tela na kuikaza upya pini yake, akanipa ndizi, nami nikarudi kijijini bila kusema neno. Mara ya tatu mgambo wakamleta, jembe begani. Mwenyekiti wa kijiji akaamuru afungwe mpaka gari la wilaya lije limpeleke Handeni. Pingu za mikono tulikuwa tumeahidiwa, hazijafika. Mtu mmoja akataja kamba.

"Tumepata uhuru, ndugu zangu!" mwenyekiti akafoka. "Mtu huru hafungwi kamba kama mbuzi!"

Basi ukaletwa mnyororo wa tela, ukazungushwa kwenye kifundo cha mguu wa mjomba na kwenye mlingoti wa bendera. Mgambo wakahangaika na pini. Mwenyekiti akanigeukia.

"Dereva, wewe ndiye mtaalamu."

Nikapiga magoti. "Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba, mpwa wangu," akajibu, kana kwamba tumekutana njiani.

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu. Niliogopa, nasema kweli. Nikatoa spana, nikakaza mpaka mkono ukauma.

Siku ya kwanza kijiji kilisifu nidhamu. Siku ya pili nililifunga tela kwa waya. Ukakatika kwenye mwinuko, tanki likaingia vichakani. Siku ya tatu, Ijumaa, mwenyekiti alitafuta maji ya kutawadha akakosa. Wanawake wakaja na ndoo tupu, wakazipanga mbele ya ofisi, wakaketi kando yake. Gari la wilaya nalo halikutokea. Tuliambiwa limekosa dizeli.

Kamati ikakutana. Hakuna aliyesema mzee ameonewa, walijadili vipuri. Katibu akaandika kwamba mfungwa anaachiwa "kwa upungufu wa vifaa", na kwamba kuanzia sasa atasafiri na tela kila siku akiwa mlinzi wa chemchemi. Yaani apelekwe kwa trekta ya kijiji kulekule alikokamatwa kwa kwenda kwa miguu. Nilicheka sana, mpaka nikakumbuka ni nani atakayeifungua ile pini.

Ilikuwa imeganda. Nikamimina mafuta, nikagonga kwa nyundo, nikakitukana kiwanda kilichoitengeneza. Kila nilipogonga, mjomba alifumba macho. Ilipolegea hatimaye, kifundo chake kilikuwa kimevimba na ngozi imechubuka. Nikaanza kueleza kwamba niliamriwa, kwamba hata yeye angekuwa mimi angefanya vilevile. Alichukua mnyororo, akachechemea nao mpaka kwenye tela lililokwisha kuvutwa kutoka vichakani, nami nikamfuata na spana yangu mkononi.

Akaitia pini mwenyewe. Akaikaza kwa vidole mpaka ikagoma, kisha akairudisha robo.

"Tela huwa unalifunga hivi," akasema.