Kipimo cha Nyota Kwenye Meza ya Ngano

Harufu ya mwanzi mbichi uliolowa bado hunipandisha hasira. Juzi niliinusa katika duka moja pale Frogtown, mtaa mmoja wa huku ughaibuni, nimefuata mchicha tu, nikajikuta nimemkunjia uso muuzaji asiye na kosa. Mniwie radhi. Nina kinyongo cha tangu darasa la tano.

Wakati ule tulikaa ghorofa moja na rafiki yangu Senia na bibi yake, Mdayak kutoka kisiwa cha Borneo. Majira ya baridi huku giza huingia saa kumi na moja jioni, kwa hiyo tukitoka shule bibi alituonyesha nyota kupitia dirisha la jikoni, pua zetu zimegandana na kioo. Kile kifungu kidogo cha nyota zilizobanana alikiita Bintang Banyak, yaani Nyota Nyingi. Kwao kikianza kuonekana alfajiri, watu hunoa mapanga wakafyeke shamba la mpunga. Nikamwambia sisi tunakiita Kilimia, na kwamba baba husema, "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua." Bibi alicheka kwa furaha mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akawa ananipa ukoko wa wali mimi kwanza, Senia akinuna.

Shule ilipotangaza maonyesho ya sayansi, hatukuhangaika. Bibi alitafuta pande la mwanzi akalijaza maji pomoni. Unalielekeza kwenye nyota, na kadiri linavyolala, maji humwagika. Yanayobaki ndiyo yanakuonyesha nyota imepanda kiasi gani. Yakibaki hadi kwenye alama, wakati wa kupanda mpunga umefika. Alama yenyewe aliichonga kwa kisu cha jikoni, kwa kumbukumbu tu, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika.

Siku yenyewe alivaa shanga zake zote, akakaa nyuma ya meza yetu. Mwalimu aliyekuwa jaji akafika. Senia akalaza mwanzi, maji yakamwagika kama yalivyotakiwa.

"Oh, sweetie, kitu chenu kinavuja!" jaji akasema, akatupatia karatasi za kufutia maji.

Senia alijaribu kueleza. Jaji hakungoja. Alisema ni hadithi nzuri mno, tuihamishie meza ya ngano za dunia, kule karibu na choo. Ngano! Jirani yetu alikuwa na volkano ya magadi na siki, na hiyo ikaitwa sayansi! Bibi alikuwa amelisha watoto saba kwa kipimo kile, na jaji hakumuuliza hata swali moja.

Kisha akanigeukia kwa sauti ya huruma. "Na wewe, kwenu Afrika mna majina ya nyota?"

"No," nikasema. "We don't."

Kiingereza hicho bibi alikielewa. Alinitazama, halafu akainama kufuta viatu vyangu vilivyolowa.

Baba alikuja kunichukua akitokea kazini Eden Prairie. Garini nilimwaga hasira zangu zote juu ya jaji yule, meza ile na choo kile.

"Na wewe alipokuuliza, ulimjibuje?" baba akauliza.

Nikamwambia. Akaendesha mpaka tukasimama kwenye taa nyekundu.

"Mkataa kwao mtumwa, mwanangu," akasema.

Nilimkasirikia na yeye pia, wiki nzima.

Jaji yule simsamehe hata leo. Asiyejua huuliza, na yeye hakuuliza. Lakini ilinichukua miaka kukiri kwa nini hasira hii haiishi. Yeye alikuwa mjinga wa jambo lile. Mimi nililijua. Katika ukumbi mzima bibi alikuwa na shahidi mmoja tu wa kusema kwamba hata kwingine watu hulima kwa kuzifuata nyota zile, na shahidi huyo aliulizwa waziwazi, akakana, huku bibi akimfuta viatu.