Bomba Halifungwi Mpaka Aelewe

Korido hii ya chuo unaijua. Umeipita miaka mingapi, uso pembeni, ukijifanya unatafuta funguo za ofisi yako, huku maabarani mtoto wa watu anakariri, karatasi mkononi?

Saa tatu asubuhi. Mwosha vyombo wa maabara, ambaye wanafunzi humwita Mama Chupa, amezamisha mikono hadi viwiko kwenye sinki la mapovu. Nyuma yake, juu ya stuli, ameketi binti wa mwaka wa tatu. Saa nne atasimama ukumbini kueleza utafiti wake. Muhula uliopita sauti ilimkauka, akakaa kabla ya kumaliza. Akikaa tena leo, anarudia mwaka.

"Haya mwanangu, nieleze."

"Utafiti huu unachunguza ufanisi wa…"

Maji yanamwagika tu. Sheria hapa ni moja: bomba halifungwi mpaka Mama Chupa aelewe.

"Mama, hata hunisikilizi."

"Nakusikia. Unamsomea mwalimu wako. Mimi niliishia darasa la saba, na nina mahindi nyumbani yanaliwa na fukusi. Utanisaidiaje?"

Binti anacheka kidogo. Karatasi inawekwa chini.

"Yale majani ya miti tunayofagia hapa chuoni na kutupa, nimeyachoma. Majivu nimeyachanganya na mahindi kwenye ndoo kumi. Ndoo kumi nyingine sikutia kitu. Miezi mitatu baadaye, penye majivu fukusi wamekufa karibu wote. Kwingine umebaki unga."

"Na nikiyala hayo mahindi, si nitawafuata fukusi?"

"Hilo sijalipima, mama."

Bomba linafungwa.

"Wakikuuliza, sema hivyohivyo. Kutojua si aibu."

Miaka kumi na tisa Mama Chupa anafanya hivi, kwa mshahara wa kuosha tu. Miaka sita iliyopita, kijana mmoja alichekwa ukumbini kwenye sentensi ya pili. Hakuonekana tena chuoni. Mama Chupa anaikumbuka mpaka rangi ya shati lake. Waliocheka nao wanakumbukwa.

"Natamani ukisimama uone uso mmoja unaokusikiliza," anasema, akimfunga binti kifungo cha kola. "Mimi siruhusiwi kuacha sinki."

Wewe unaruhusiwa. Ni saa nne kasorobo. Ukumbi uko mwisho wa korido, viti vya mbele ni vitupu. Ingia, kaa, mtazame usoni.